Mkubwa ameamrisha, moyo wakataa: wewe ulifanyaje? Tupeane uzoefu

MwanaKuze
Assalaam aleikum jamani. Jana binti yangu alikuwa asoma utenzi wa Fumo Liyongo kwa sauti, mimi niko uani nakuna nazi, akafika pale mtoto wa Liyongo amuuliza babake ni kitu gani chaweza kukuua. Na Liyongo ashatambua kijana ametumwa na Sultani wa Pate, na bado yuwamwambia: sindano ya shaba, ya kitovu. Nikaiwacha mbuzi nikakaa tu. Si kwa sababu ya Liyongo, kwa sababu ya yule kijana aliyekuja kumchoma babake kwa sindano hiyo. Manake mimi nshakuwa yule kijana.

2011 n'likuwa karani kwenye godauni la chai, kampuni sitaitaja. Kulikuwa na kibarua mmoja mtu mzima, sote twamwita Mjomba. Siku hiyo amepanda juu ya paleti, magunia yakateleza, akaja chini nayo. Mguu wa kulia, mfupa ulitoka nje, tukambeba kwa ubao. Kesho yake meneja akaniita, akafunga mlango. Kuna karatasi ishapigwa taipu, yasema Mjomba hakuwa kwenye orodha ya vibarua siku ile na kwamba aliingia amelewa. Orodha ile niliiandika mimi. Jina lake lilikuwa la nne. Na Mjomba hakuwa mtu wa kunywa, sote twajua. Meneja hakunitisha wala hakupaza sauti, aliniuliza swali moja tu: wewe bado uko kwenye kontrakti ya miezi mitatu mitatu, si ndio? Akanisogezea kalamu. Mke wangu alikuwa na mimba, mimba ya huyu huyu binti anayenisomea utenzi. Nikasaini. Kisha nikaambiwa niiandike orodha upya, nikaiandika, la nne nikaweka jina la mtu mwingine, na mkono haukutetemeka, hilo ndilo laniuma zaidi.

Mjomba hakupata fidia hata senti. Mimi baada ya miezi miwili nikapewa kazi ya kudumu. Kijana wa Liyongo aliahidiwa binti wa mfalme asipewe, akafa kwa ugonjwa watu wamemkimbia. Mimi nililipwa.

Humu kuna wangapi mumeambiwa na mkubwa fanyeni, na mwajua si haki? Mulifanyaje?

MamaZai_Kisauni
La nne. Ya Rabbi. Hata mimi nimekaa kitako.

Kaskazi78
Pole ndugu, lakini mtoto wa Liyongo mwamuonea. Alidanganywa na watu wazima wenye ufalme. Mwaulaumu mshale na mwenye upinde mumemwacha. Aliyemtaka Liyongo afe ni Sultani, alikuwa na askari, alikuwa na jela, alikuwa na kila kitu, lakini kazi chafu akampa mtoto ili yeye mikono yake ibaki safi. Hiyo ndo serikali popote utakapoenda.

PwaniYaOzi
@Kaskazi78 mtoto gani, alikuwa na umri wa kuoa! Alienda Pate kupeleka habari, akapewa sindano, akarudi, akangoja babake alale fofofo. Hesabu hiyo safari. Kwenda na kurudi na bahari iko hapo, na ile sindano ni ndogo, hakuitupa. Sultani ana yake, na kijana ana yake. Dhambi haigawanywi nusu kwa nusu kama samaki, kila mtu hubeba nzima.

Kaskazi78
Sawa wewe mtakatifu.

PwaniYaOzi
Sikusema mimi mtakatifu. Nimesema aliitia sindano mkononi mwake.

MwalimuWaJioni
Ndugu MwanaKuze ahsante kwa kusema. Mimi hufundisha watu wazima jioni na kisa ninachowasimulia kila mwaka ni cha Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, lakini si kile cha sumu ambacho kila mtu anakijua, ni cha kabla ya pale. Mwaka 404 KK Athens ilishindwa vita, wakaingia watawala 30, madhalimu, na mmoja wa vinara wao, Critias, alikuwa mtu aliyewahi kukaa sana na Socrates. Wakaita watu watano, Socrates mmoja wao, wakawaamrisha waende kisiwa cha Salamis wamlete mtu anaitwa Leon auawe. Leon hakuwa na kosa. Na wale wakubwa walikuwa wanafanya hivyo makusudi, wanataka watu wengi wachafuke pamoja nao ili kusiwe na wa kumnyoshea mwingine kidole. Wale wanne wakaenda Salamis wakamleta. Socrates akaenda zake nyumbani. Hakuhutubia mtu, hakupiga kelele, alirudi tu kwake. Na mwenyewe alisema baadaye mahakamani kwamba huenda angeuawa kwa hilo kama ule utawala usingeanguka mapema.

Huyo meneja wako alikuwa anafanya yale yale, alitaka saini yako ili nawe uwe wake.

Kaskazi78
Na Leon je?

MwalimuWaJioni
Leon aliuawa.

Kaskazi78
Ahaa. Basi kwenda kulala kulimsaidia nani? Socrates kabaki na mikono safi na Leon kafa. Mimi kama ni jirani yake Leon ningemuuliza, mzee, ulishindwa hata kutuma mtoto mbio akamwambie jamaa akimbie? Wallahi hapo simpi maksi zote.

MwalimuWaJioni
Hilo wanafunzi wangu huniuliza, na wana haki. Lakini wangekataa wote watano, Leon angeletwa na nani? Wakubwa 30 wangepanda mashua wenyewe?

Kaskazi78
Wangepata watano wengine.

MamaZai_Kisauni
Mushaanza nyinyi wawili, wachieni watu waseme yao.

MjukuuWaKuli
Babu yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa wakati wa mgomo mkuu, ulioanza tarehe 13 Januari 1947. Watu kama 15,000 waliwacha kazi, mji ukasimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia aliyekuja kuwa kiongozi wa chama chao alikamatwa Agosti mwaka ule ule akapelekwa Baringo. Jaji Thacker na jopo lake ndo walikuja kuongeza mishahara. Sasa babu alikuwa akihadithia kuhusu serangi wao, msimamizi wa gengi, aliitwa na mzungu akaambiwa ataje wachochezi kwenye gengi yake. Akaanza kutaja, mzungu yuwaandika, moja, mbili, tatu, akataja gengi nzima mpaka lake mwenyewe la mwisho. Mzungu akaichana karatasi. Ulipotaja orodha nimemkumbuka, samahani kama nakutonesha.

MwanaKuze
Hujanitonesha. Ama umenitonesha lakini sawa.

Dereva_wa_Tinga
Mimi husoma tu humu sijawahi kuandika. Leo naandika manake mke wangu amelala na mimi silali.

Mimi ni opereta wa tingatinga. 2018 nilipigiwa simu usiku na tajiri wa mashine, kuna kazi alfajiri, malipo mara mbili, sikuambiwa ni wapi. Saa kumi na moja tunafika nakuta ni kule nilikozaliwa. Maskwota, ardhi ina mwenyewe na hati yake na mwenyewe haishi hapa, hiyo stori ya Pwani yote mnaijua. Askari wapo, kuna jamaa ana karatasi ya korti. Nyumba za udongo na makuti, mbili tatu za matofali. Nikasema moyoni nitaanza upande ule mwingine kwa sababu upande huu nawajua watu, lakini nikaambiwa anza hapa.

Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyenifundisha alifu na kijiti, mimi mtoto wa miaka sita. Alikuwa ashatoa vyombo vyake, mkeka, sufuria, mtungi. Ikabaki mlango. Mlango wa mbao mzito wenye nakshi, marehemu mumewe alikuwa seremala, aliuchonga mwenyewe. Bibi akaja mbele ya mashine, hakulia, hakulaani, akaniita jina langu la utotoni, hakuna mtu ashaniita hilo jina toka mama afe, akasema, ngoja kidogo, vijana wanitolee mlango, dakika kumi tu. Alikuwa na nyundo mkononi.

Nikamtazama askari. Askari akasema twende, twende, jua lapanda.

Ufunguo uko mkononi mwangu. Ningeweza kuizima mashine nikasema imechemka, huwa zachemka kila siku, hakuna mtu angejua. Ningeweza kushuka kukojoa. Sikufanya lolote. Nikasukuma. Ukuta wa udongo hautoi sauti sana lakini ule mlango ulipiga kelele, ulivunjika katikati mara moja, nausikia mpaka leo.

Watu huniambia amri ilikuwa ya korti, wewe ni mtumwa wa kazi. Ni kweli. Nyumba niliamrishwa. Lakini mlango sikuamrishwa na mtu. Ile karatasi haikusema asipewe dakika kumi. Hizo dakika kumi zilikuwa zangu mimi na nikamnyima.

MamaZai_Kisauni
Naandika huku machozi yanitoka. Kaka pole. Mungu akupe subira.

Kaskazi78
Sina neno. Pole sana ndugu yangu.

SheriaKitaa
Ndugu sipendi kukuongezea lakini ni bora ujue. Sheria ya ardhi ilirekebishwa 2016. Wanaohamishwa wapewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, wanaosimamia wajitambulishe, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Kwa hiyo zile dakika kumi hazikuwa zako. Zilikuwa zake kisheria. Wote pale mlimuibia, yule mwenye karatasi wa kwanza.

Dereva_wa_Tinga
Kwa hiyo bibi aliniomba kitu kilichokuwa chake.

SheriaKitaa
Ndio.

Mwanafunzi_Tudor
Chuoni tulisoma jaribio la Milgram, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, 1961. Watu wa kawaida walioitikia tangazo la gazeti waliambiwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, volti zinapanda. Mtu mwenyewe alikuwa anaigiza, umeme haukuwepo, lakini wao hawakujua. Kwenye ile awamu maarufu watu 26 kati ya 40 walifika mpaka 450, kwa sababu tu mtu amevaa koti la maabara anawaambia endelea. Kwa hiyo Dereva, usijione mtu mbaya kuliko wengine, wengi wetu tungesukuma.

PwaniYaOzi
Na wale 14 waliosimama je? Mbona hao hamuwasemi? Kila mara hesabu ya waliotii ndo inatajwa, watu wapate kulala.

Mwanafunzi_Tudor
Nilikuwa namliwaza mtu.

PwaniYaOzi
Najua. Lakini yeye hajaomba kuliwazwa, amesema dakika kumi zilikuwa zake. Mpeni heshima ya kumsikiza alivyosema.

BintiSaada
Mimi nashangaa mumekaa na mtoto wa Liyongo na hakuna aliyemtaja Saada. Liyongo yuko jela, mamake ampelekea chakula kila siku kwa mkono wa Saada, kijakazi, na walinzi wakila kile kizuri, wamwachia makombo. Ndipo Liyongo akatunga shairi la fumbo, Saada alichukue kwa mama: afanye mkate wa wishwa, yaani makapi, na tupa ya kukatia chuma ndani. Walinzi wakaudharau mkate wa wishwa, ukaingia, na usiku wa gungu, ngoma zalia nje, yeye akakata minyororo. Sasa Saada ni mtumwa. Hakuahidiwa ufalme wala kontrakti. Angeshikwa na ile tupa hakuna mtu angemtungia utenzi. Na alipita mlangoni kwa walinzi na mkate mkononi. Bibi yangu mzaa bibi aliachiliwa kutoka utumwani Frere Town, pale Kengeleni, ndo mana mimi macho yangu huenda kwa Saada kwanza.

MwalimuWaJioni
Miaka yote nafundisha na sijawahi kumuulizia Saada darasani. Ahsante dada.

Kaskazi78
Huyo nampa maksi zote. Dereva, ushauri wangu: mtafute bibi, mchongee mlango mwingine.

MamaZai_Kisauni
La, usimwendee ghafla, utamfufulia machungu. Tuma mtu mzima kwanza.

SheriaKitaa
Ukienda, usisaini wala usiandike chochote kabla ya kuongea na wakili. Nasema kwa nia njema.

PwaniYaOzi
Mlango bila nyumba autie wapi? Muulize mwenyewe ataka nini.

Dereva_wa_Tinga
Yuko kwa binti yake. Nyumba wanajenga, chumba kimoja, naambiwa hakina mlango bado, wametundika pazia. Nina mbao mbili za mbambakofi nimenunua tangu mwaka jana ziko chini ya kitanda. Mke wangu hajui ni za nini.

MjukuuWaKuli
MwanaKuze, na Mjomba yuko wapi siku hizi?

MwanaKuze
Mariakani. Auza makaa kando ya barabara, na gongo lake. Napita na matatu nikienda kwa wakwe, na akiniona hunipungia mkono. Hajui orodha ya pili iliandikwa na nani, ajua ni meneja.

Kaskazi78
Wacha hivyo hivyo. Utamharibia moyo bure.

BintiSaada
Mwambie. Na usimwambie ukiwa ndani ya matatu.

Dereva_wa_Tinga
Fundi wangu wa nakshi yuko huko Mariakani. Jumapili nampelekea mbao na pikapu. Nafasi ya mbele iko.