Naomba ushauri: Je, PES itarudi, au nihamishie banda langu kwenye gemu nyingine?

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Nina banda la gemu hapa Ngamiani, Tanga, na wateja wangu karibu wote wanacheza PES 2021, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, kwenye PS4. Gemu hiyo ilitoka Septemba 2020, na tangu hapo Konami hawajatoa mrithi wake kwenye diski. Mnaoifahamu mtaelewa kwa nini vijana hawataki kuiacha: unaweka faili za jezi na nembo kwenye flashi, ndani ya folda iitwayo WEPES, unaziingiza kupitia sehemu ya kuhariri, na kijana akishika pedi anaichezea Coastal Union ile ile anayoishangilia uwanjani Mkwakwani, dhidi ya Simba au Yanga.

Sasa nimeweka akiba ya kuboresha banda, lakini nasita. Je, kuna matumaini ya kweli kwamba PES itaendelea kama tulivyoizoea, yaani yenye Master League (ile sehemu ya kuongoza klabu msimu baada ya msimu) na isiyodai intaneti, au nianze kununua EA Sports FC, gemu ya mpira ya wapinzani wao EA? Banda langu linategemea kifurushi cha simu, kwa hiyo gemu ya mtandaoni kwangu ni gharama ya kila siku.

Kisiki

Mkuu, kwa maoni yangu usisubiri. Julai 2021 Konami walitangaza kwamba jina la PES linaachwa na nafasi yake inachukuliwa na eFootball, gemu ya kupakua bure, ambayo ilifunguliwa tarehe 30 Septemba mwaka huo ikiwa na klabu chache na nyuso za wachezaji zilizochekwa dunia nzima, hata kampuni ikalazimika kuomba radhi. Wengi tulidhani aibu ile ingewarudisha kwenye diski. Badala yake waliirekebisha taratibu, wakatoa toleo la 1.0 Aprili 2022, wakaifikisha na kwenye simu, na leo imepakuliwa mara mamia ya mamilioni. Fedha zao zinatoka kwa watu wanaonunua sarafu ili wapate kadi za wachezaji, na mtu anayenunua diski mara moja akaichezea miaka mitano hana nafasi katika hesabu hiyo. Master League yenyewe waliahidi kuileta kama nyongeza ya kulipia, mwaka 2023 uliotajwa ukapita bila kuiona, na kwangu mimi hilo linasema mengi kuliko tangazo lolote.

Shabiki wa Tangu PS2

Ndugu Kisiki, hoja zako ni nzito, ila nadhani umefunga mlango mapema mno. Kampuni hii hii ilionekana kuyapa kisogo magemu yake makubwa ya zamani, halafu ikatoa toleo jipya la Silent Hill 2, gemu ya kutisha, mwaka 2024, na Agosti 2025 ikatoa Metal Gear Solid Delta. Vilevile, EA walipoachana na FIFA, shirikisho la mpira duniani, na kuanza kutumia jina la EA Sports FC Septemba 2023, FIFA walishirikiana na Konami, na fainali za FIFAe, mashindano yao ya gemu, za Desemba 2024 kule Riyadh zikachezwa kwenye eFootball. Kampuni inayoachana na mpira haifanyi hivyo.

Kisiki

Kuachana na mpira sijasema, na natamani uwe sahihi, kwa sababu nimekua na PES. Lakini gemu ya kutisha haidai leseni za klabu na mashindano, ambazo zina muda wake wa kuisha na hugombaniwa kwa fedha nyingi. Kumbuka Konami waliipoteza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2018. Na fainali za Riyadh zinaipa nguvu eFootball ya mtandaoni, siyo ile ya diski ambayo mwenzetu anaiulizia.

Bint Likoni

Kaka, mimi pia nina banda, huku Likoni. PES usiiondoe, ila mashine moja iwekee FC ya diski, kwa kuwa hata FC 26 ya mwaka 2025 ilitoka kwa PS4 na mechi ya watu wawili kwenye mashine moja haihitaji intaneti. Kwangu waliohamia kwanza ni wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza, kwa sababu huko wanaikuta ligi nzima na majina yake halisi. Tofauti utakayoisikia ni kwamba FC kwenye PS4 haina njia ya kuingiza jezi kwa flashi, kwa hiyo Coastal Union yako itabaki kwenye PES.

Mwana wa Ngamiani

Ahsante dada, na ahsanteni nyote. Hapo kwenye jezi ndipo ninapoumia, maana mechi za Simba na Yanga ndizo zinazojaza banda Jumamosi. Je, nikitaka PES 2021 idumu miaka mingine, nifanye nini?

Kisiki

Tafuta diski ya akiba iliyotumika ukiwa bado unaipata. Kwenye mashine ambazo gemu imeshapakua masasisho yote, usiifute hata nafasi ikijaa. Futa kitu kingine, kwa sababu faili nyingi za jezi na vikosi zimetengenezwa kulingana na sasisho la mwisho. Kisha nenda kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya data zilizohifadhiwa, uinakili kazi yako ya kuhariri kwenye flashi ambayo haitumiki kwa jambo lingine. Ukikwama kwenye hatua yoyote, andika hapa hapa nitakuelekeza.