Maada nyeusi ipo, au kanuni ya mvutano ndiyo ibadilishwe?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana: maada nyeusi, yaani maada isiyoonekana inayodhaniwa kuongeza mvutano angani, imetafutwa miaka mingi na hakuna chembe yake iliyothibitika kunaswa maabara, kwa hiyo vijana wetu wa PCM na wa Mlimani waache kufundishwa kwamba ipo, wafundishwe kwamba kanuni ya mvutano ya Newton na Einstein ina kasoro. Kwamba haijathibitishwa, nakubali. Kwamba ifutwe, napinga kabisa.

Mwanafizikia Milgrom apewe haki yake. Mwaka 1983 alipendekeza kwamba mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) ukiwa mdogo mno, mvutano haupungui upesi kama alivyosema Newton. Kwa badiliko hilo moja, kasi za nyota za pembezoni mwa galaksi, zile alizozipima mwanaastronomia Vera Rubin zikawa kubwa kuliko maada inayoonekana inavyoruhusu, zinaelezeka vizuri bila maada isiyoonekana. Mwanafunzi asiyeambiwa hili amepunjwa.

Ila mzunguko wa galaksi si mtihani mgumu. Mtihani ni galaksi zenyewe zilipatikanaje. Mwanga wa kale kuliko wote tunaoupima ulianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000, na tofauti za joto ndani yake, ambazo ni alama ya tofauti za msongamano wa maada, ni kama 1 kwa 100,000 tu. Hadi hapo maada ya kawaida ilikuwa imefungamana na mwanga. Ilipotaka kujikusanya, shinikizo la mwanga liliitawanya. Tangu viachane hadi leo, kwa mvutano wa Einstein, tofauti hizo zingekua kama mara 1,000. Piga hesabu: unabaki na 1 kwa 100, ilhali galaksi haijikusanyi mpaka tofauti ifike kama 1 kwa 1. Hakuna galaksi, hakuna Jua, hakuna Dar. Maada nyeusi haisukumwi na mwanga, ndiyo maana ilitangulia kujikusanya, kisha ya kawaida ikavutwa kuifuata.

Anayeiondoa lazima mvutano wake mpya ufanye kazi hiyo, tena bila kuvuruga ruwaza ya mwanga wa kale. Mwanafizikia Bekenstein alijaribu mwaka 2004. Kisha tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano na miale ya gamma kutoka nyota mbili za nutroni zilizogongana vilifika vikipishana sekunde 1.7 tu, baada ya safari ya miakanuru kama milioni 130. Nadharia nyingi zilizotabiri kwamba mawimbi ya mvutano na mwanga vina kasi tofauti zilianguka, ya Bekenstein ikiwemo.

Mwaka 2021 wanafizikia Skordis na Złośnik walileta nyingine inayolingana na mwanga huo wa kale. Kazi nzuri, naiheshimu. Lakini itazameni kwa ndani: wameongeza nyuga mpya (vitu vilivyotanda anga lote, kama uga wa sumaku) ambazo katika ulimwengu mchanga zinatenda karibu sawasawa na maada nyeusi. Waliotaka kuifukuza wamelazimika kuirudisha kwa jina jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu: Milgrom afundishwe, na hesabu ya ukuaji ifundishwe kabla yake. Mwenye nadharia inayoitoa ile 1 kwa 100,000 hadi kwenye galaksi bila kitu cha namna hiyo, ailete hapa na hesabu zake, tuzipitie mstari kwa mstari.