Mume wangu anataka kuacha predni, figo ni ya kupandikizwa. Nifanyeje?

MamaPacha_Kondele
Hamjambo wenzangu. Mume wangu alipandikizwa figo mwaka jana, dadake ndiye aliyemtolea. Anameza dawa tatu za kuzuia mwili usiikatae figo: takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni (ndiyo hiyo predni) miligramu 5 kila asubuhi. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, imetulia, hapo namshukuru Mungu. Shida ni hii predni. Mashavu yamejaa hadi wenzake stejini wanamwita Bonge, usiku hapati usingizi, na akimaliza ugali wa watu wawili bado anauliza kama kuna omena iliyobaki. Juzi sukari imepimwa ikawa juu, na kwao hakuna mwenye kisukari. Sasa binamu yake kamwambia kwamba kuna hospitali nje wagonjwa huachishwa predni wiki ya kwanza tu baada ya kupandikizwa. Anasema kesho hamezi. Kliniki yetu ni Eldoret na tarehe bado iko mbali. Mliopitia haya, semeni.

Sista_wa_Renal
Dada, mwambie shem asithubutu. Mtu akimeza predni kwa miezi, tezi zinazokaa juu ya figo zake za kuzaliwa hulala, haziundi tena kotisoli ya kutosha, ile homoni ambayo predni huchukua nafasi yake. Ukikata ghafla unalegea, unatapika, presha inashuka, wengine huzimia. Na hapo hatujaongea habari ya mwili kuikataa figo. Kukataliwa mara nyingi hakuumi. Kreatinini hupanda mtu akiwa kazini anacheka.

Jaduong_Siaya
Daktari atakufunga na dawa mpaka uzeeke. Mjomba wangu aliacha zote, yuko shambani analima.

Sista_wa_Renal
@Jaduong_Siaya kreatinini yake ilipimwa lini?

Kiamunyi_Finest
😂 Kimya.
Mama Pacha, mimi niko Nakuru, figo ni ya kakangu. Nilianza na dozi kubwa ya predni, daktari akapunguza polepole hadi 5, na mashavu yakashuka taratibu. Mumeo amefika 5 lini? Kama ni majuzi, mpe muda. Ila asiinyooshee predni kidole peke yake, hata takrolimasi hupandisha sukari. Kwangu mimi takrolimasi ndiyo iliyopunguzwa baada ya kiwango chake kupimwa kwenye damu.

Famasia_Kakamega
Binamu hakudanganya, kasema nusu. Kuna utafiti wa Harmony uliofanywa Ujerumani ukachapishwa kwenye jarida la kitabibu The Lancet mwaka 2016. Predni iliondolewa siku ya 8. Mwaka wa kwanza kukataliwa kwa figo hakukuongezeka, na kisukari kilichoanza baada ya upasuaji kilishuka kutoka 39% hadi kama 23%. Si mchezo. Lakini wale walichaguliwa, hatari yao ya kukataa figo ilikuwa ndogo, na walipewa dawa kali ya kushusha kinga wakati wa upasuaji, basilikisimabu au ile inayotengenezwa kwa kingamwili za sungura. Mpango uliwekwa kabla ya thieta. Mapitio ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, ya mwaka huohuo, yaliyojumlisha tafiti nyingi, yalionyesha kwamba bila steroidi (kundi la dawa la predni) matukio ya kukataliwa huongezeka, ingawa kwa muda mfupi tofauti ya vifo na ya figo kupotea haikuonekana. Kwa hiyo daktari anaweza kukubali au kukataa na bado akawa na sababu. Muulizeni: thieta alipewa dawa gani ya kushusha kinga? Amewahi kukataliwa hata kidogo? Dadake wanafanana naye tishu kiasi gani?

Na sukari msipime asubuhi peke yake. Predni ya asubuhi huipandisha zaidi mchana na jioni, ukipima kabla ya chai unaweza kudhani mambo ni shwari. Pimeni pia baada ya chakula cha mchana, muandike.

MamaPacha_Kondele
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Amekubali kumeza ya kesho, ila amenuna. Nitapiga simu kliniki watupe tarehe ya mapema zaidi kwa sababu ya hiyo sukari.

Kiamunyi_Finest
Vizuri. Siku ya safari takrolimasi ya asubuhi abebe mfukoni, ameze baada ya kutolewa damu. Akiimeza Kisumu kabla ya kupanda gari, kipimo kitasoma juu na watampunguzia dawa bure.

Jaduong_Siaya
Nimempigia mjomba. Anasema hajapima tangu aache. Hapo Eldoret wanapokea mtu bila barua?

Sista_wa_Renal
Asisubiri Eldoret. Aende hospitali iliyo karibu kesho asubuhi apimwe kreatinini, aseme wazi kwamba ana figo ya kupandikizwa na ameacha dawa. Wao ndio watapiga simu.