Miezi saba nasali usharika mmoja hapa Moshi, hakuna anayenijua jina

Mgeni wa Pasua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mtu wa Singida, nimehamia Moshi kutafuta maisha. Nauza vipuri vya pikipiki mjini, nimepanga chumba Pasua. Kipaimara nilipata KKKT (Kanisa la Kilutheri) kwetu, kwa hiyo nilipofika nikatafuta usharika wa karibu. Siutaji, maana sitaki kumchafulia mtu jina.

Kila Jumapili saa moja asubuhi niko ibada ya kwanza, benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirishani. Naimba, natumbukiza bahasha, nasikiliza matangazo marefu kuliko mahubiri, natoka. Nje watu wamesimama makundi makundi wanasalimiana, wengine Kichaga kitupu, nami napenya katikati yao kama niko stendi. Mwezi uliopita malaria ilinilaza, Jumapili mbili sikuonekana. Niliporudi hakuna hata aliyeniambia "vipi, ulisafiri?"

Na kuna jingine, hili ndilo linaloniuma. Siku zile za kitandani nilijaribu kuomba, maneno yakagoma. Nikaanza kujiuliza kama ninayo imani, au nina mazoea tu ya kufua shati jeupe kila Jumamosi.

Nihame kanisa, au tatizo ni mimi?

Mama Upendo

Pole na malaria mwanangu. Hebu niambie, wageni walipoambiwa wasimame wajitambulishe, ulisimama?

Mgeni wa Pasua

Shikamoo mama. Sikusimama. Niliona aibu.

Mama Upendo

Marahaba. Basi mwenzangu ulijificha, ukafichika kweli! Hata sisi wa siku nyingi tunapotezana mle ndani. Kuna dada nilikaa naye benchi moja miaka mitatu, jina lake nikaja kulijua soko la Mbuyuni tukigombania fungu la dagaa.

Nenda ofisi ya usharika siku ya kazi, si Jumapili, Jumapili hawana nafasi hata ya kukohoa. Kama una barua ya usharika wako wa Singida ibebe, kama huna nenda hivyo hivyo. Uliza jumuiya ya mtaa wako inasali kwa nani wiki hii, maana inazunguka nyumba kwa nyumba.

Halafu ibada ikiisha usikimbie. Baki kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Mimi nilikuja hapa kutoka Tanga nikiwa bibi harusi, simjui mtu. Jumapili moja nikanunua mkungu wa ndizi mshare, nikajikuta siwezi hata kuunyanyua. Bibi aliyeutoa alikuwa amesimama pale pale anautazama mkungu wake. Akacheka, akauinua upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaenda nao hadi barabarani. Njiani akaniuliza natokea wapi, mume wangu ni wa nani, na kama najua kupika mtori. Sikujua. Jumamosi yake akaja kunifundisha, na tangu hapo nikawa na mtu wa kuniuliza jana nilikuwa wapi.

Sina Kambi

Mama naye, umemsimulia utamu tu. Mwambie na michango! Ujenzi, harusi, kumuaga mchungaji, kumpokea mchungaji. Mimi jumuiya niliiacha, nasali zangu Jumapili inatosha.

Meku wa Kidia

Sina Kambi, kuhusu michango sikupingi, mingine inakera na mimi nimeshaisema kwenye kikao. Lakini mke wangu alipofariki, waliokesha kwangu siku nne wakipika na kuteka maji hawakuwa watu wa benchi langu. Ni jumuiya.

Na jambo hili huku si geni. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig aliyefika Uchagani 1902 na kukaa Old Moshi miaka mingi hadi 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya kile ambacho watu tayari wanacho: ukoo, ujirani na rika. Wapo waliombishia, na sisi Wachaga ukoo wakati mwingine tunauzidisha mpaka mgeni anakosa pa kuingilia. Hilo tukubali. Wewe kijana huku huna ukoo wala rika. Jirani unaye, anza naye.

Mgeni wa Pasua

Ndugu, narudi baada ya wiki tatu. Ofisini nilielekezwa vizuri. Jumatano jioni nikaenda: chumba kimoja, watu kumi na mmoja, sisi vijana tumeketi kitandani. Mzee aliyepaswa kusoma miwani yake imevunjika mkono, akanikabidhi Biblia. Matendo 20, pale Eutiko anaposinzia Paulo akihubiri mpaka anaanguka kutoka orofa ya tatu. Nasoma, nasikia mtu anakoroma ubavuni kwangu. Dereva wa bodaboda! Na ni mteja wangu, hununua plagi dukani kwangu, hatujawahi kuulizana dini. Mama mwenye nyumba akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwishoni mwenyekiti akasema, "Mgeni atatuombea." Nilikaa kimya nikaona aibu. Kisha nikasema, "Bwana, huyu ndugu yetu amechoka, mlinde barabarani asianguke." Basi, yakaishia hapo. Wakasema Amina kama nimeomba saa nzima. Usiku nikajikuta naendelea kuomba peke yangu, maneno machache machache.

Sasa wameniwekea zamu, Jumatano ijayo ni kwangu. Nina viti viwili. Mama Upendo, chai ni lazima?

Mama Upendo

Maji ya kunywa yanatosha mwanangu. Viti watakuja navyo. Huyo wa bodaboda mkalishe karibu na mlango apigwe na upepo.