Umelipa kodi ya miezi sita ukahama kabla, iliyobaki ni ya nani? Tujadili

Wadau naomba hili tulijadili bila matusi. Kila mwaka kelele ni ileile, serikali ipige marufuku kodi ya miezi sita, watu walipe mwezi kwa mwezi. Mimi nimepanga Dar mwaka wa kumi na moja huu na naona tunapigania pasipo penyewe. Hata ikipigwa marufuku kesho, dalali atakwambia tu "mama anataka sita, hutaki acha, kuna wawili wanakuja kukiona jioni", na wewe utatoa sita. Nani wa kumkamata? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba tulikuwa nayo, ya 1984, ikafutwa 2005, na sidhani kama inarudi leo. Kwangu mimi kinachoumiza ni ule mstari wa mwisho kwenye mkataba: KODI IKISHALIPWA HAIRUDISHWI.

Nilipanga chumba na sebule Tabata, laki na nusu kwa mwezi, miezi sita laki tisa, dalali naye kala mwezi wake. Mkataba ni karatasi ya kaunta buku, mjumbe kasaini. Miezi miwili tu kazini wakanihamishia Dodoma. Nikamwambia mama mwenye nyumba siku ishirini kabla, mama nahama, kata ya usumbufu unirudishie iliyobaki, akafungua karatasi akaniwekea kidole kwenye ule mstari, hakusema neno. Nikaondoka, pipa langu la maji nikaliacha kwa jirani. Wiki mbili baadaye nimerudi kulifuata nakuta dirishani kwangu pazia la maua, ndala za mtoto mlangoni, namsalimia yule dada ananiambia kalipa miezi sita, keshi! Yaani chumba kimoja kinalipiwa na watu wawili, mmoja analala Dodoma.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi humu mnasema "ulisaini, kaa kimya". Nilisaini kweli, na kuhama kabla ya muda ni kuvunja mkataba, sibishi. Ila Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inasema aliyevunja analipa hasara iliyotokana na kuvunja kwake, na inaangaliwa pia yule mwenzake alikuwa na njia gani ya kuipunguza. Kifungu cha 74 kinaongeza kwamba hata kama mliandika kabisa atakayevunja atalipa kiasi fulani, mdai anapata fidia inayostahili isiyozidi hicho kiasi, sio lazima chote. Kwa ninavyosoma mimi, hasara ya yule mama ni wiki mbili za chumba kitupu, elfu sabini na tano, haya mpe na mwezi mzima kwa usumbufu. Laki sita inatoka wapi? Na angekuwa yeye ndo amenitoa katikati ya muda bila kosa langu, hapo hata hiyo ya usumbufu asingekuwa na haki nayo.

Kuna mdau kasema bila karatasi hakuna mkataba. Hapana kaka. Kifungu cha 10 kinataka makubaliano ya hiari, watu wenye uwezo kisheria wa kuingia mkataba, malipo halali kwa jambo halali, basi. Hata Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa mwaka mmoja au chini yake uwe wa mdomo. Karatasi ni ushahidi tu, kwa hiyo ukilipa keshi bila risiti na bila shahidi utahangaika mwenyewe. Mimi kilichoniokoa ni meseji ya muamala wa laki tisa yenye jina lake na ile meseji yake ya "nimeiona mwanangu, karibu". Tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 vitu hivyo vinapokelewa mahakamani, kwa hiyo msifute meseji jamani, mnafuta ili mpate nafasi ya video za vichekesho.

Hatukufika huko lakini. Mwenyekiti wa mtaa alituweka kwenye benchi, akamuuliza mama swali moja, yule dada kaingia lini. Nikarudishiwa laki tatu na nusu kwa mafungu mawili, nikaona yaishe. Ingeshindikana ningeenda baraza la kata, ila jueni tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena.

Wanaosema tuige Kenya, mwezi kwa mwezi na dipoziti, waulizeni wapangaji wa Nairobi dipoziti inavyorudi siku ya kuhama. Rangi, kitasa, bomba, mwisho unapewa nauli ya matatu.

Hoja ya wenye nyumba naielewa, wapo wapangaji wanaohama usiku na bili ya maji wamekuachia, na wewe una mkopo wa kujengea. Chukua sita, mimi sina tatizo. Ninachotaka sheria iseme waziwazi ni kwamba chumba kikipata mtu mwingine, kodi ya kuanzia siku hiyo inarudi kwa aliyehama. Wewe mwenye nyumba uliyeandika "hiyo ni hela yangu nishaila", nijibu hili moja: kwa miezi ileile mitatu na nusu na chumba kilekile, ya yule dada unaiita nini?