Naomba ushauri: kumpata na kumfundisha muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi

Habari wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Mbezi, Dar es Salaam. Kila nikiajiri muuzaji, miezi ya mwanzo ni hasara tupu: mteja anataka bati geji (kipimo cha unene) 28 anapewa 30, nondo ya milimita 12 inauzwa kwa bei ya 10, foleni inajaa huku kijana ananipigia simu kuuliza bei. Akishaiva, jirani anamchukua (hapo ndipo panaponiuma).

Nafikiria wiki ya majaribio yenye posho, na sampuli ukutani zenye vipimo na bei. Mkataba ni wa maandishi, Sheria ya Ajira ya 2004 inautambua hivyo, sitaki ujanja. Ninyi mnawapima vipi kabla ya kuwachukua? Na wazoefu mnawabakisha kwa kamisheni au mshahara?