Zai anataka kushuti kwa bibi

*Jumatano*

Zai: Shkamooni wakubwa wote. Jmn nina ombi, jumamosi tuna asaimenti ya chuo, filamu fupi ya dakika 7, sasa lokesheni tuliyoahidiwa imeyeyuka mwenye nyumba kageuka leo asubuhi, naomba tushuti kwa bibi Tabata. Tuko watu 9 tu, tunaanza saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku

Bakari: 9 "tu" 😂

Shangazi Rehema: Marahaba. Hiyo filamu inahusu nini Zai, isije ikawa mambo ya kulaliana kwenye kitanda cha bibi yako

Zai: Hapana shangazi 😭 ni mama na mtoto wako peke yao usiku wanasikia mtu anafungua mlango wanadhani mwizi kumbe ni baba karudi toka mgodini baada ya miaka mingi

Shangazi Rehema: Eti mgodini. Haya ngoja nimuulize mwenye nyumba

Ba'mdogo Hamisi: Taa ngapi na za wati ngapi?

Zai: Shkamoo ba'mdogo. Chuo wametupa mbili za 1000, halojeni zile za zamani, na kataa kamoja kadogo ka LED

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba. Sasa soma vizuri maana waya za nyumba hiyo nimepitisha mimi. Sebule na chumba cha bibi ni laini moja, jikoni laini yake. Taa ya 1000 kwenye volti 230 inakula ampia 4 na ushee, mbili hazifiki 9, soketi ni ya 13, kwa hesabu inabeba. Balaa linaanza pale mmoja wenu anataka chai anachomeka birika kwenye ekstensheni hiyohiyo, birika ni wati 2000, au dada wa mavazi anachomeka pasi. Kwahiyo taa moja sebuleni nyingine ivuteni toka laini ya jikoni, chai mpikie kwenye gesi, na nguo zije zimepigwa pasi huko huko kwenu

Ba'mdogo Hamisi: Na ile ekstensheni ya kuviringisha muifungue YOTE hata kama mnatumia mita 2, ikibaki imejikunja humo ndani inajipika yenyewe. Nimeshaitoa moja Buguruni waya zimeyeyuka zikashikana kama kashata

Bakari: Fundi kaamka leo

Shangazi Rehema: Na luku nani ananunua?

Ba'mdogo Hamisi: Wati 2000 kwa saa 8 ni uniti 16. Waziweke kabla, sio baada

Zai: Tutaweka uniti 25 shangazi

Shangazi Rehema: Bibi kakubali. Ila kasema kochi lake lisiguswe na hiyo damu yenu

Zai: Hakuna damu shangazi. Ila kuna kitu kimoja, wakati wa kurekodi itabidi tuzime friji na feni, zinavuma mno kwenye maiki

Shangazi Rehema: FRIJI??

Shangazi Rehema: Zai friji ile ina insulini ya bibi yako!! Chupa anayotumia sasa naiweka kwenye mtungi wa udongo haina neno, nesi alisema ikishafunguliwa inakaa nje wiki 4 isipopata joto kali, lakini zile 3 ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, na joto hili la Dar mkizima mkasahau mpaka asubuhi utaniambia nini

Zai: Nisamehe shangazi sikujua. Tuna ujanja tumefundishwa darasani, anayezima friji anaweka funguo ya usafiri ndani ya friji, hawezi kuondoka bila kuifungua kwahiyo hawezi kusahau kuiwasha

Shangazi Rehema: Ujanja wenu mzuri ila mimi dawa naipeleka kwa mama Jeni ijumaa jioni. Tena kwenye friza kuna nguru wangu kilo 4

Bakari: Sasa mimi nina swali hakuna anayeuliza. Huyo mama kwenye filamu anapiga kelele gani mlango ukifunguliwa

Zai: Anapiga ukunga anasema mwizi mwizi

Bakari: Saa ngapi

Zai: Kama saa 3 usiku ili tupate giza

Bakari: Zai. Tabata. Saa 3 usiku. Mwanamke anapiga ukunga mwizi, na uani kuna jamaa kavaa koti kavuta kofia. Dakika mbili hazifiki kijiwe chote cha boda kiko hapo na mawe, huyo mwigizaji wako atapigwa kabla hujasema "cut" kamera izimwe

Ba'mdogo Hamisi: Hilo kweli kabisa. Hapo hata mimi naogopa kuliko umeme

Zai: Nilipanga kupeleka barua kwa mjumbe

Bakari: Barua peleka na kwa mwenyekiti wa mtaa pia lakini kijiweni hakuna anayesoma barua. Nenda mwenyewe na huyo jamaa wa koti, wamuone sura, wanunulieni soda. Na neno mwizi lisitoke nje, usiku afungue mdomo tu, sauti mkairekodi mchana chuoni mkabandike

Zai: Hiyo inawezekana kabisa, tena sauti itakuwa safi zaidi. Asante kaka

Shangazi Rehema: Baba anarudi na nini mkononi?

Zai: Begi. Mama ndo anashika panga

Shangazi Rehema: Panga la jikoni kwangu?

Zai: La ubao tumelipaka rangi ya fedha. Mwanzo kulikuwa na bastola ya plastiki, mwalimu kaikata. Alitusimulia ya Halyna Hutchins yule mpiga picha wa filamu aliyekufa New Mexico Marekani 2021, bastola walitangaziana pale haina kitu kumbe ina risasi ya kweli

Ba'mdogo Hamisi: Mwalimu ana akili. Hata ya plastiki polisi wa doria hajui ni plastiki. Haya mengine: halojeni mbali na pazia, stendi kila mguu kiroba cha mchanga, waya ukipita mlangoni bandikeni tepu pana maana bibi anaburuza miguu. Balbu msiishike kwa vidole vitupu. Nitaleta mtungi wangu wa zimamoto wa kwenye gari. Moto wa umeme sio wa maji, zima meni swichi kwanza, namba ni 114

Ba'mdogo Hamisi: Umeme ukikatika hakuna kuleta jenereta barazani, ule moshi unaua watu wamelala. Mnalala na nyinyi mnasubiri

*Jumamosi*

Bakari: Nipo kijiweni, wanamuita jamaa wa koti "baba wa mgodini" kashazoeleka 😂

Zai: Tumemaliza saa 4 kasoro, bibi kalala, kochi zima. Tunapanga vitu ila taa zinabidi zipoe kwanza hazishikiki

Zai: Shangazi samahani umeona funguo ya pikipiki yenye kamba nyekundu? Kameramani anaitafuta nusu saa sasa, tumepindua mpaka mabegi

Bakari: Zai

Bakari: Friji

Zai: 😳

Zai: Ipo. Juu ya samaki. Na friji ilikuwa imezimwa tangu magharibi wallahi tulisahau, nimeiwasha sasa hivi

Shangazi Rehema: Nguru??

Zai: Bado mgumu shangazi, katikati barafu kabisa

Shangazi Rehema: Ungekuta na dawa humo leo tungeongea lugha nyingine. Bibi kaamka anauliza, jagi lake la ukwaju lilikuwa limejaa, nani kalimaliza

Zai: Baba wa mgodini